Shanga Nyekundu za Muzdalifa

Haidari alikuja kunishitakia mke wake asubuhi ya Jumatano, na mimi nikampa haki kabla hajamaliza maji niliyomkaribisha.

Kwetu Mtunda, mume akiwa na neno zito na mkewe hakimbilii kwa mwenyekiti wa kitongoji wala kwa shehe. Anakwenda kwanza kwa somo wa mkewe, yule mwanamke aliyemfunda alipovunja ungo. Somo wa Muzdalifa, mke wa Haidari, ni mimi, Mwanamina binti Mfaume. Nimefunda wasichana thelathini na mmoja, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao. Siku hizi sijisifu. Naandika habari za Muzdalifa kwa sababu mwenyewe si mtu wa maneno, na kwa sababu sehemu ya yaliyomfika niliitia kwa mkono wangu.

"Somo," alisema Haidari akitazama chini, "mwari wako ananitundikia nyekundu mwezi mzima."

Mwari wetu hufundwa kwamba mambo ya damu hayasemwi kwa mdomo. Anapewa shanga. Akiwa katika siku zake anatundika nyekundu kwenye msumari juu ya kitanda, mume akiingia anaziona, anageukia ukutani analala. Akishatoharika anatundika nyeupe. Hapana maneno, hapana aibu. Sina ugomvi na shanga hata leo, maana shanga za Muzdalifa zilisema kweli tupu. Wasiosikia tulikuwa sisi.

"Mwezi mzima, kweli?" nilimuuliza.

"Siku ishirini, ishirini na tano. Nyeupe ikitokea, ukikohoa tu imeondoka. Nadhani kanichoka, somo. Kama kanichoka aseme."

Sasa lililo langu ni hili. Nilisoma chuo cha Kurani utotoni, na mlango wa tohara naujua vizuri. Hedhi mwisho wake siku kumi na tano. Damu ikizidi hapo si hedhi tena, ni ugonjwa, na ina jina lake na hukumu zake. Hayo nimewafundisha wasichana wote thelathini na mmoja. Lakini Haidari aliposema siku ishirini na tano, sikusikia ugonjwa. Nilisikia mwari wangu anamnyima mumewe na jina langu linachafuka. Nikajifunga kanga nikatoka.

Nilimkuta Muzdalifa uani, anasuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Hakuwa ameketi mkekani kama watu, alikuwa ameketi juu ya kanga nyeusi iliyokunjwa mara nne. Hata hilo nililiona. Nikaliona nikalipita.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Hebu niambie, shanga zile nilikupa za kusemea kweli au za kufanyia kiburi?"

Akasimamisha mkono. "Za kusemea kweli, somo."

"Mbona mumeo analala na ukuta mwezi mzima? Kama humtaki, sema akaoe kwingine. Usinichezee mie mbele ya wanaume."

Alifungua mdomo. Mpaka leo nauona ule mdomo ulivyofunguka, na najua kabisa kwamba alikuwa anataka kuniambia. Nikainua kidole. "Sitaki maelezo. Leo jioni nataka ziwe nyeupe."

"Haya, somo," alisema, akarudi kwenye ukili wake.

Na jioni ile zikawa nyeupe. Zikabaki nyeupe miaka miwili. Haidari akanishukuru kwa kunilimia kipande cha shamba la mihogo, na mimi nikaipokea shukrani ile bila haya.

Mnapaswa kumjua Muzdalifa alivyo, msije mkamdhania mnyonge. Baba yake alitelemka kutoka Umatumbi na jembe moja, akaoa hapa, akafa mapema. Mama naye akafa, binti akiwa na miaka tisa. Kalelewa na bibi aliyekuwa haoni vizuri, kwa hiyo tangu mdogo Muzdalifa ndiye aliyekuwa macho ya ile nyumba. Nilipompokea kumfunda alikuwa na miaka kumi na minne na hakulia hata siku moja, wakati wenzake walikuwa wakilia ukiwakoholea tu. Shamba lake la mpunga bondeni analima mwenyewe, na dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti cha kukalia kuwinga ndege, anakijenga mwenyewe kila msimu. Mikeka yake inajulikana mpaka Kibiti mjini. Tena ana kejeli ya kimyakimya. Kuku wake anawapa majina ya wanawake wanaomwudhi, na yule tembe mmoja mkorofi, anayewadonoa wenzie kwenye pumba, alikuwa anaitwa Mwanamina. Nilijua. Nilijifanya sijui.

Mtoto alipata mmoja tu, Salama. Baada ya Salama mimba mbili ziliharibika, na kutaka mtoto wa pili kukawa ndiyo kiu yake. Alikuwa na fulana ndogo ya kichanga, aliifua na kuianika kila mwaka kabla ya Ramadhani, ikikauka anairudisha sandukuni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mwaka wa pili wa shanga nyeupe alianza kupauka. Viganja vyake vikawa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda anafua. Akawa anatafuna mchele mbichi, kiganja baada ya kiganja, anasimama katikati ya njia kupumua kama bibi kizee, na tumbo linaota. Tukiwa kwenye harusi ya jirani, mimi na mdomo wangu nikatangaza mbele ya wanawake wote: "Haya jamani, mwari wangu anatafuna mchele! Tutayarishe uji!" Wakapiga vigelegele. Muzdalifa akanisogelea, akaninong'oneza, "Si mimba, somo."

"Kelele weye. Mimba changa haikanwi wala haisemwi," nikamjibu, nami ndiye niliyekuwa nimeisema kwa watu sitini.

Mara ya pili hiyo nilimfunga mdomo. Nimezihesabu, maana hakuna mwingine wa kuzihesabu.

Ilikuwa mpunga umechanua. Wakati huo wanawake wote wako madunguni tangu alfajiri, kila mmoja anapiga kopo na kupaza sauti, na bonde zima linajibizana. Ukinyamaza kidogo ndege wanajua, wanahamia kwako. Fatu, mwenye shamba linalopakana na la Muzdalifa, aliona kundi zima la ndege linatua kwenye mpunga wa mwenzake na hakuna anayelifukuza. Aliita mara tatu. Akavuka jaruba, akapanda ngazi. Alimkuta Muzdalifa amelala ubavu, kopo mkononi, na damu imepita kwenye fito za dungu inadondoka chini kwenye mpunga.

Tulimtoa kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, toka hapo kwa bajaji mpaka Kibiti. Nilipakata kichwa chake njia nzima. Alikuwa mwepesi wa ajabu. Alifumbua macho mara moja akasema, "Somo, ndege," nikamwambia Fatu anawinga, naye akafumba tena.

Hospitalini walimpima damu, muuguzi akatoka na karatasi akauliza mwenye mgonjwa ni nani. "Damu yake ni tano," alisema. "Mtu mzima anatakiwa awe na kumi na mbili na kuendelea. Huyu amekuwa akitembea vipi?" Haidari akatoa damu, Fatu akatoa, na shemeji zake wawili. Mimi nilikataliwa kwa umri na presha. Hata damu yangu haikufaa kitu.

Nilirudi kijijini kumchukulia nguo. Chini ya kitanda nikavuta kikapu, nikakuta vitambaa: kanga nyeusi zilizochanwa, mapande ya shuka, gunia la pamba lililofuliwa likawa laini, vyote vimekunjwa safi na kupangwa. Wingi wake ulikuwa wa kujaza ndoo mbili. Mwanamke huyu alikuwa akifua damu kila siku kwa miaka miwili, kwa siri, anaanika chini ya nguo nyingine, halafu anaingia ndani na kutundika shanga nyeupe kwa sababu mimi nimesema. Nikakaa sakafuni. Nililia kwa sauti mpaka Salama akaja kunichungulia mlangoni, nikamwambia mafua.

Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe kwenye kizazi. Si mmoja. Daktari wa zamu, kijana mpole, alisema uliohesabika ni saba, na kwamba huyu anahitaji daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, ambaye pale hawana. Tukaambiwa tuchague, kwenda Dar es Salaam au kusubiri kambi ya madaktari bingwa watakaokuja wiki tatu zijazo na kukaa siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Wakampa vidonge vya kuongeza damu na vingine vya kupunguza inayotoka. Tukarudi naye nyumbani kusubiri.

Katika wiki tatu zile nilijifunza jinsi neno linavyosafiri. Lilipotajwa tu kwamba huenda wakatoa kizazi, wanawake wakaanza kupita nyumbani kwa Muzdalifa na pole zao. Mmoja akasema ukishatolewa tumbo linabaki pango, upepo unaingia. Mwingine akasema unaota ndevu. Mwingine akasema mume akija atakuta ukuta. Nilitaka kuwafukuza kwa mchi. Lakini walikuwa wanayatoa wapi? Lile la pango nililisema mimi mwenyewe mwaka fulani, kwa wasichana, kuwatisha wasichezee dawa za kuzuia mimba. Nilibuni. Lilinoga, nikalirudia.

Jumatatu ya kambi tulikuwa getini mapema. Foleni ilikuwa imefika kwenye ukuta wa nje, wanawake wa Mohoro, wa Mkongo, wa visiwani, wengine wameshika matumbo. Kumbe tulikuwa wengi hivyo, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Bingwa alikuwa mwanaume, Dokta Ridhiwani, mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa plasta. Muzdalifa akanitazama. Nilitegemea mwanamke na mimi. Katika maisha yangu sijawahi kutamka mambo ya tumbo mbele ya mwanaume, hata marehemu mume wangu nilizaa naye watoto watano kwa shanga na kikohozi. Lakini yule daktari hakutuuliza kwa ukali. Alimpima, akatazama picha, akachukua boksi la glavu, akalipasua, akachora kwa nyuma.

"Mama, kizazi cha kawaida ni kama pera," alisema. "Chako sasa kimefika ukubwa wa papai. Uvimbe huu si saratani kwa ninavyouona, lakini tukishatoa tutapeleka kipande kikapimwe, tuwe na hakika. Mwingine uko nje, mwingine umejichimbia ndani ya ukuta wenyewe. Ndiyo unaokumwagisha damu. Nikijaribu kutoa mmoja mmoja, utamwagika damu ambayo huna. Ushauri wangu ni kutoa kizazi chote."

Mimi ndiye niliyeuliza, kama mwari. "Atabaki na pango?"

"Hapana, bibi. Utumbo unasogea, unajaza nafasi. Hakuna pango."

"Ndevu?"

Hakucheka. "Vifuko vya mayai nitaviacha kama ni vizima. Hivyo ndivyo vinavyomfanya mwanamke ajisikie mwanamke. Hataona damu tena, na hatabeba mimba tena. Hayo mawili ndiyo yanayoondoka."

"Na... mambo ya nyumbani?"

"Akae miezi miwili apone ndani. Baada ya hapo, nyumba ni ileile. Wengi hufurahi zaidi, maana maumivu yameisha."

Aliposema hatabeba mimba tena, nilimwona Muzdalifa akishika pindo la kanga. Alilikunja, akalikunjua. "Nitafikiri," alisema.

"Fikiri, mama. Lakini niko hapa mpaka Ijumaa. Wewe si wa kusubiri kambi nyingine."

Mgonjwa akapelekwa na muuguzi kupimwa damu tena, na mimi nikabaki mlangoni. Nilijua ninachotaka kuuliza na nilijua sitaki kujibiwa.

"Daktari. Kama angekuja miaka miwili nyuma?"

Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Hakujua anamjibu nani. "Siwezi kuapa. Lakini kwa uvimbe mdogo na damu ya kutosha, mara nyingi tunatoa uvimbe, kizazi kinabaki. Tatizo la mama zetu wanaficha. Sijui nani anawafundisha kuficha."

Nikamwambia asante.

Jioni hiyo, wodini walikomlaza, Muzdalifa akanena. Nimesema si mtu wa maneno, lakini akiyatoa huwa ameshayapima. Haidari alikuwa ametoka kununua chai.

"Somo, nitasaini. Lakini kwanza Haidari aambiwe kwamba sikumnyima. Anaamini nilikuwa namlaghai kwa shanga, miaka miwili ananitazama kwa jicho hilo. Siwezi kutolewa kizazi huku mume wangu anaona ni adhabu ya uongo wangu. Na asiambiwe na mie. Mie nilikwisha kusema, nilisema kwa shanga. Useme weye uliyenihukumu, hapa, mbele yangu."

"Nitasema," nilimjibu.

Haidari akarudi na chai. Akaniuliza, "Somo, weye waonaje? Akitolewa, mie sina neno, lakini nataka nisikie kwako." Alikuwa ananikabidhi kila kitu, kama siku zote. Muzdalifa akanitazama. Nami nikasema, "Tumwachie Mungu, tutazungumza kesho."

Kwa nini sikusema? Niseme ukweli. Ndani ya wodi ile kulikuwa na wanawake wawili wa Mtunda, na mmoja binti yake alikuwa anakaribia kufundwa. Nilifikiri jina langu. Mwanamke anakufa taratibu pembeni yangu na mimi napiga hesabu ya wari wangu. Jumanne nikasema kichwa kinaniuma. Jumatano nikakuta sababu nyingine, nikaenda kusali msikitini mjini, nikakawia huko kusudi. Niliporudi alikuwa ameanza kutoka damu tena, vidonge vimeshindwa, wamemwongezea chupa nyingine. Muuguzi akanifokea, "Nyinyi ndugu mnasubiri nini? Orodha ya Ijumaa imebaki nafasi moja!"

Muzdalifa hakunifokea. Aligeuza uso ukutani. Ningependa angenifokea.

Alhamisi asubuhi nilimwita Haidari kando ya kitanda. Sikunong'ona. Wale wanawake wawili wa kwetu walikuwa wameketi, wanamenya machungwa, wakaacha kumenya.

"Haidari, ile siku uliyonijia na neno la shanga, mkeo alikuwa mgonjwa. Nyekundu ilikuwa kweli, siku zote ishirini na tano. Nilijua kwamba damu ya siku hizo ni maradhi, kitabu kimesema na mie nimekifundisha, lakini sikujisumbua hata kumuuliza. Nilimkemea, nikamlazimisha kutundika nyeupe. Hakukunyima. Mie ndiye niliyemfanya akudanganye, na uongo wenyewe ulikuwa ile nyeupe."

Haidari alinitazama. Halafu akamtazama mkewe. "Na mie nilikuwa nikimwendea," alisema polepole. "Miaka miwili. Akiwa vile."

"Ukinikuta nimejifuta," alisema Muzdalifa. "Hukujua."

Akajifunika uso kwa kofia yake, mwanaume mzima, akalia pale pale wodini. Muzdalifa akanyoosha mkono akaomba karatasi. Sahihi yake ni herufi tatu, aliziandika moja moja bila haraka, na Haidari akatia yake chini ingawa muuguzi alisema ya mgonjwa inatosha.

Ijumaa wakamwingiza wa mwisho. Saa nane mchana Dokta Ridhiwani akatoka, kofia ya kijani imelowa jasho, akasema kazi imekwenda vizuri, vifuko vya mayai viko salama, na damu iliyopotea si nyingi. Majibu ya kipande yalikuja baadaye, safi. Haidari akasujudu pale pale kwenye sakafu ya korido. Na mimi nilimshukuru Mungu kwa moyo wote, lakini ndani ya shukrani kulikuwa na lile jibu la mlangoni. Nilikuwa nimemweleza Haidari nusu. Nusu ya pili, kwamba kizazi kile kingebaki, nilikuwa nimeikalia.

Nilijidanganya vizuri. Nikajiambia kumwambia ni kumtonesha kidonda. Miezi ile miwili nilimtumikia kama mkwe: nikamchotea maji, nikampikia, nikamzuia asiinue hata ndoo ndogo. Viganja vyake vikarudi rangi. Akaanza tena kusuka, ameketi mkekani. Haidari akawa anamwuliza kwa mdomo, waziwazi, mbele ya watu, "Umeamkaje? Wasikia maumivu?" mpaka vijana wakamtania, wala hakujali. Wari wangu walipungua, ni kweli. Binti wa yule mwanamke wa wodini alipelekwa kwa mwingine. Nilistahili.

Siku moja nilimkuta Muzdalifa ameitoa ile fulana ndogo ya kichanga. Ilikuwa karibu na Ramadhani. Aliifua, akaianika, ikakauka, akampelekea Fatu ambaye mkwewe alikuwa amejifungua. Aliporudi alipika kama kawaida. Nilikwenda nyumbani kwangu na sikuweza kula.

Mwaka haujaisha Salama akavunja ungo. Nilijua atapelekwa kwa somo mwingine, na nilikuwa nimejiandaa kuitikia hodi ya taarifa kwa uso mkunjufu. Lakini Muzdalifa alikuja mwenyewe, kamshika bintiye mkono.

"Somo, nimekuletea mwari."

Niliona kifua kinafunguka. Nikadhani nimesamehewa, nikataka kupiga kigelegele. Akaendelea: "Ila nitakaa humo ndani mie mwenyewe, nisikie."

Kwetu mama hakai chumbani bintiye anapofundwa, ni aibu ya pande mbili. Nilitaka kulisema hilo. Nikafunga mdomo wangu, nadhani kwa mara ya kwanza kwa wakati wake.

Basi tukaketi watatu. Salama katikati, mama yake pembeni na ukili wake, mimi na kijaluba cha shanga. Nikamwonyesha nyekundu, nikamwonyesha nyeupe. Halafu nikamwambia kwamba shanga ni za kumwambia mume, hazitoshi kumwambia tabibu. Ukiona damu imepita siku zake, unasema kwa mdomo, kwa mama, kwa somo, kwa mume, kwa muuguzi wa kike au wa kiume. Mmoja akikukatiza, unamwambia mwingine. Aliniuliza kwa nini, kama watoto wa siku hizi wanavyouliza. Nikamsimulia habari ya mwanamke mmoja ambaye alitaka kusema na somo wake akamnyamazisha kwa kidole, hata tumbo likajaa uvimbe. Mkono wa Muzdalifa ulikuwa unasuka vilevile.

"Wakamtoa kizazi," nilisema, "akapona. Lakini angesikilizwa ile siku ya kwanza, huenda wangetoa uvimbe peke yake, na angepata mtoto mwingine. Daktari alisema."

Salama akawaza. Hajui mama yake alitolewa nini, aliambiwa ni uvimbe tu. "Na huyo somo wake, alikuwa nani?"

"Mimi," nilisema.

Mtoto akageuka kumtazama mama yake, kisha mimi, kisha mama yake tena. Nikajilazimisha kumtazama Muzdalifa usoni.

"Hilo la kizazi kubaki nalijua, somo," alisema. "Daktari aliniambia kabla sijatia sahihi. Nimesubiri muda wote huu ulitoe mwenyewe. Ndiyo maana nimemleta Salama kwako na si kwa mwingine, nilitaka alisikie kwako." Akaongeza mwaa mwingine kwenye ukili. "Endelea. Hajasikia yote."